Amana ya Mchukuzi

Kitu kilichotumwa na ambacho hakijafika kina hali ya pekee katika mali za binadamu. Aliyekituma amekwisha kukitoa moyoni mwake, na tangu hapo hukihesabu kuwa ni cha mwenziwe. Anayekingojea hajakiona, wala hawezi kukiita chake ila kwa matumaini. Katika muda huo, uwe wa saa tano au wa siku tano, kitu kile kimo mikononi mwa mtu ambaye si mwenyewe wala hadai kuwa mwenyewe. Mtu huyo wa kati ndiye nitakayemzungumza. Nataka kuuliza adaiwa nini, adaiwa na nani, na deni lake huisha lini. Swali laonekana dogo, la watu wa maduka na stendi. Wasomi wa maadili, ambao aghalabu hupenda kujadili mauaji na uhaini na vita, hulipita upesi, na kwa kulipita wamewaachia wakatisha tiketi walijibu peke yao.

Msomaji asiyeijua nchi ya Handeni na Korogwe yafaa aelezwe njia zake kwanza, maana katika jambo hili maadili hufuata barabara. Korogwe iko kando ya mto Pangani, juu ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha. Misafara ya karne ya kumi na tisa ilipita katika bonde hilo ikitoka pwani kwenda Mazinde na Kilimanjaro. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika Korogwe mwaka 1902. Mji huo basi umezoea kupokea vitu vya watu wengine na kuvipitisha. Handeni, katika nchi ya Wazigua, iko pembeni. Atokaye Dar es Salaam huiacha barabara kuu pale Mkata, akaenda kilometa 54. Atokaye Korogwe huenda kilometa 65. Njia zote mbili zilitiwa lami katika miaka ya 2010, na safari ambayo zamani ilikuwa ya vumbi na matope sasa ni nyepesi. Mabasi yaendayo Handeni moja kwa moja yapo, lakini si mengi kama yale ya kaskazini. Kwa hiyo mtu wa Dar es Salaam mwenye haraka huutia mzigo wake katika basi la Arusha, akaagiza uteremshwe Mkata, au Segera, au Korogwe, na hapo uhamie gari dogo au pikipiki. Kila uhamisho ni mkono mpya.

Posta nayo tangu enzi za ukoloni haikuwa na desturi ya kumfikia mtu mlangoni pake. Barua zilikwenda sandukuni, na asiye na sanduku alitumia la shule, la misheni, la shamba la mkonge, au la mwenye duka. Hapo ndipo tulipozoea kuandika juu ya bahasha maneno haya: kwa mkono wa. Maneno hayo yastahili kutazamwa. Hayataji nyumba wala mtaa. Yanamtaja mtu, na nyuma yake mtu mwingine. Anwani ya namna hiyo haikuwa mahali, ilikuwa mnyororo wa uaminifu. Mwandishi wa barua aliamini kwamba mwalimu atampa mtoto fulani, na mtoto atampa mama yake, na mama atampa jirani. Kila pete ya mnyororo ilijulikana kwa jina, na barua ikipotea palikuwa na mtu wa kuulizwa, tena wa kuulizwa mbele ya wenziwe. Mwaka 2022, mwaka wa Sensa, serikali iliendesha kazi ya kutia majina njia na nambari nyumba katika nchi nzima, na vibao vikaonekana hata katika vitongoji ambavyo havikupata kuwa na jina la njia. Ni kazi njema. Lakini mzigo uendao Chanika mpaka leo huandikwa kwa wino mzito jina moja, neno HANDENI, na nambari ya simu yenye tarakimu kumi. Mnyororo ungalipo, na pengine ni mrefu kuliko ule wa zamani. Majina ya pete zake ndiyo yaliyotoweka. Mkono wa kwanza huitwa ofisi, wa pili huitwa gari, wa tatu huitwa kijana wa bodaboda.

Nitatoa mfano ninaoujua vema. Bibi mmoja wa Chanika, mjane aliyepita miaka sabini, ana maradhi ya presha ya macho. Maradhi hayo hula nuru ya jicho kidogo kidogo, mara nyingi pasipo maumivu, na kilichokwisha kuliwa hakirudi. Dawa huzuia tu yasiendelee. Mwanawe aliyeko Dar es Salaam humpelekea chupa ndogo za matone. Matone ya aina ile hutakiwa kukaa katika baridi kabla ya kufunguliwa, na kwa hiyo mwana huyatia katika chupa kubwa ya chai pamoja na barafu, akaifunga yote katika sanduku la karatasi. Safari moja mzigo ulitiwa katika basi la kaskazini ili uteremshwe Mkata. Utingo alisinzia, au mizigo mingine ilikuwa juu yake, haukuteremshwa. Ulionekana Korogwe. Wakala wa pale alikuwa mtu mwema. Alipiga simu, lakini tarakimu moja ilikuwa imefutika kwa maji ya barafu, akampata mtu wa Mwanza aliyemwambia kwamba hangoji kitu, na simu ikakatwa. Akauweka mzigo ghalani, chini ya bati, siku tatu, katika joto la mwezi wa Februari. Siku ya nne alipata kijana aendaye Handeni, akampa. Kijana akauchukua bila ya ujira. Naye alikuwa akiwahi mazishi, akauacha katika duka karibu na stendi. Mwenye duka akauliza huku na huku hata akampata mjukuu wa bibi. Siku ya sita mzigo uliingia nyumbani.

Haukupungua kitu. Chupa tatu za dawa zilikuwa na lakiri zake, na pakiti ya majani ya chai iliyotiwa kando ilikuwa pale pale. Bibi aliwashukuru wote, akafungua chupa ya kwanza, akaanza kutia matone. Mwana alizipata habari za zile siku sita baada ya wiki tatu, tena kwa bahati, mwenye duka alipomsimulia kama kisa cha kuchekesha. Daktari wa macho aliyeulizwa alisema kwamba dawa iliyokaa katika joto la namna ile huenda imepungua nguvu, na huenda haikupungua sana. Kwa kuitazama hapana ajuaye.

Nimeuchagua mfano huu kwa sababu hauna mwizi. Mzigo ulioibiwa hautufundishi mengi: mwizi ni mwizi, na vitabu vyote vimekwisha kumhukumu. Lakini hapa kila mkono ulikuwa mwaminifu kwa maana ya kawaida ya neno hilo. Mwana alipokwenda kulalamika, ofisi ya basi ilimjibu kwamba mzigo umefika, na kwa lugha ya daftari lake ilisema kweli. Hata hivyo mwanamke yule alitia machoni mwake, siku baada ya siku, kitu ambacho labda kilikuwa dawa na labda kilikuwa maji, huku maradhi yakiwa na uhuru wa kuendelea. Tukisema kwamba hapana aliyekosa, tutakuwa tumesema jambo ambalo moyo haukubali. Tukisema kwamba wote wamekosa sawasawa, kijana aliyebeba bure kwa huruma atakuwa sawa na kampuni iliyopokea nauli, na hilo nalo halikubaliki.

Utetezi wa kwanza ambao watu huuleta ni huo wa ubure. Husemwa kwamba asiyelipwa hadaiwi. Aliyetenda hisani hawezi kushitakiwa kwa hisani yake. Swali hili lilipelekwa mahakamani Uingereza zamani, katika shauri la Coggs na Bernard la mwaka 1703. Bernard aliahidi kuyahamisha mapipa ya mvinyo mkali ya Coggs kutoka ghala moja hadi jingine. Hakuahidiwa ujira. Kwa uzembe pipa moja likapasuka na mvinyo ukamwagika. Mahakimu, na mkuu wao Holt, waliamua kwamba Bernard adaiwa. Hakudaiwa kwa sababu ya ahadi tupu, maana ahadi isiyo na malipo sheria yao haikuishika. Alidaiwa kwa sababu aliutia mkono wake katika kazi. Angaliyaacha mapipa mahali pake, asingalikuwa na deni. Alipoyainua, akawa nalo. Mimi naiona hukumu hiyo kuwa na maana iliyo pana kuliko sheria. Kitu kikiwa mkononi mwako, macho ya mwenyewe hayakioni, na macho yako peke yake ndiyo yaliyobaki duniani kwa ajili ya kitu kile. Malipo hayaongezi macho wala kuyapunguza. Sheria yetu ya Mikataba ya mwaka 1961, ambayo mwili wake mwingi watokana na ile ya India ya mwaka 1872, nayo humtaka aliyepokea mali ya mwingine aitunze kama mtu mwenye busara ya kawaida atunzavyo mali yake mwenyewe, naye haulizwi kwanza kama amelipwa.

Utetezi wa pili ni wa wingi. Mikono sita ilishika, na kila mmoja hujihesabia sehemu ya sita ya lawama, kisha huiona ndogo mno hata huitupa. Hesabu hii ni ya uongo. Wajibu si mkate, haukatwi vipande. Watu sita wakibeba jeneza, kila mmoja hadaiwi sehemu ya sita ya heshima. Kila mmoja adaiwa heshima nzima. Lakini nakiri kwamba neno hili ni jepesi kwa anayeandika na zito kwa anayebeba mizigo mia moja tangu alfajiri. Kijana wa stendi hana jokofu, wala hakuambiwa kwamba ndani mna dawa. Juu ya sanduku hapakuandikwa neno la baridi, na mwana mtumaji alitia maelezo yote katika simu ya mdomo kwa karani wa Dar es Salaam, karani ambaye saa ile ile alikuwa akizungumza na wateja wengine watatu. Mtu hawezi kukitunza kitu asichokijua. Kwa hiyo sehemu ya kwanza ya amana huwa juu ya mtumaji mwenyewe, ya kusema alichokiweka mkononi mwa mwenziwe. Na sehemu hiyo watumaji wengi huikimbia kwa kuogopa nauli kubwa, au kwa kuogopa kwamba kikitajwa kitatamaniwa.

Utetezi wa tatu ni methali: mjumbe hauawi. Nimesikia ikitumiwa stendi kwa maana ya kwamba mchukuzi asilaumiwe kwa lolote. Sidhani kwamba wazee waliikusudia hivyo. Mjumbe aliyetumwa na mfalme mmoja kwa mfalme mwingine alikuwa na neno baya kinywani, na kama angaliogopa kuuawa, angalilipaka asali neno lile au angalilificha kabisa, na wafalme wote wawili wangalipotea. Maisha yake yalikingwa ili ulimi wake uwe mnyofu. Kinga ilikuwa bei ya ukweli. Basi mjumbe anyamazaye hana dai lolote katika methali ile.

Hapa ndipo ninapopaona pana kiini cha jambo. Sisi twadhani kwamba mchukuzi adaiwa kitu kimoja, yaani mzigo. Mimi nasema adaiwa viwili: mzigo, na habari za mzigo. Wazee walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Walikuwa wakimwonya mfanyabiashara, lakini kuna upotevu mwingine usiotajwa sana, wa mali ifikayo bila habari. Zile siku tatu chini ya bati ziliingia ndani ya dawa na kukaa humo, na hapana aliyeziona, kwa kuwa aliyezijua alidhani kwamba kazi yake imekwisha alipopata mtu wa kuupeleka mzigo. Angaliandika juu ya sanduku kwa kalamu yake kwamba mzigo umekaa Korogwe tangu Jumatatu hata Alhamisi, au angalimwambia kijana, na kijana akamwambia mwenye duka, bibi angalijua kuuliza. Kosa la wakala, kwa maoni yangu, halikuwa ghala. Ghala ndilo alilokuwa nalo. Kosa lake lilikuwa kimya, nacho alikuwa nacho kwa hiari.

Wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, ambayo pwani yetu imeijua kwa karne nyingi, waliligusa jambo hili katika milango ya amana. Kwao, mtu aliyewekewa kitu mkono wake ni mkono wa amana. Kitu kikiharibika pasipo uzembe wake halipi. Lakini akiulizwa na mwenyewe akakana kwamba hana kitu, tangu saa ile mkono wake hugeuka kuwa mkono wa dhamana, na kikiharibika baadaye hata kwa ajali atalipa. Ajali ni ile ile. Kilichobadilika ni ulimi. Sijui kama watu wa maadili wa mahali pengine wameieleza tofauti hiyo kwa ufupi zaidi.

Warumi wa kale walichukua njia nyingine. Kwa wenye vyombo vya bahari, wenye nyumba za wageni na wenye mazizi, waliweka kanuni kwamba aliyepokea mali ya msafiri aitoe salama, na asipoitoa alipe, pasipo kuchunguza sana kama alizembea. Ni misiba mikubwa tu isiyozuilika iliyomwokoa. Sababu yao ilikuwa ya watu waliokwisha kuibiwa: mwenye mali hawezi kuona kilichotendeka, na mchukuzi aweza kupatana na wezi kisha akaja na hadithi. Naiheshimu sababu hii. Mtu atasema kwamba nikimsamehe mchukuzi kwa kuwa ametoa habari, nitawafanya wezi wote kuwa watunga riwaya. Ni pingamizi kubwa, na silijibu kwa kudai kwamba watu ni wema. Nalijibu kwa kutenganisha watu wawili ambao katika stendi zetu huchanganywa kila siku, yaani kampuni na mkono.

Kampuni hupokea nauli ya mizigo elfu, na kwa hiyo yaweza kulipa hasara ya mmoja bila ya kuanguka. Kanuni ya Warumi yaifaa, na iifuate pasipo ugomvi. Stakabadhi nyingi tuzipewazo zimechapwa maneno kwamba mzigo wasafirishwa kwa hatari ya mwenyewe. Maneno hayo huandikwa kwa herufi ambazo bibi wa Chanika, hata kabla ya maradhi yake, asingalizisoma. Mtu achukuaye ujira wa kulinda, kisha akaandika kwamba halindi, ameuza kitu asicho nacho. Ama mkono, yaani utingo, wakala na kijana, usihukumiwe hivyo. Desturi ya kukata mishahara yao kila mzigo unapopotea huonekana kuwa haki, na kumbe huuhamisha mzigo wa mwenye nguvu ukamwangukia mnyonge. Tena huwafundisha wote kunyamaza. Utingo aliyepitiliza Mkata, akijua kwamba akisema atakatwa nusu ya ujira wa wiki, atauteremsha mzigo Korogwe kimya kimya na kutumaini kwamba mtu mwingine ataonekana ndiye mwenye kosa. Ndivyo alivyofanya. Simsifu, lakini sioni kwamba alikuwa na mwalimu wa kumfundisha vingine.

Nasema pia neno moja juu ya yule mtu wa Mwanza, ambaye hakutenda ila kusema kwamba si yeye. Yeye hakushika mzigo, hakuupokea, na kwa mujibu wa shauri la 1703 hana deni. Hata hivyo kwa nusu dakika alikuwa mtu pekee duniani aliyejua kwamba nambari ile ina kosa. Angaliweza kusema: nambari hii mmeisomaje? Silisemi hili ili kumtia hatiani. Simu za ulaghai zimekuwa nyingi, na mtu aambiwaye na sauti ngeni kwamba ana mzigo wake hufanya vema kushuka moyo na kujihadhari. Lakini tazama jinsi hadaa ya wachache ilivyomnyima bibi mmoja mkono ambao zamani angaliupata bure.

Limebaki jambo la mwana mwenyewe. Alipojua yaliyotokea, alinunua dawa nyingine na kuileta kwa mkono wake hata Chanika. Hakumwambia mama yake habari za ghala. Alimwambia kwamba daktari amebadili dawa, basi aiache ile ya kwanza. Alifanya hivyo kwa huruma. Mama ni mtu wa wasiwasi, na angaliyahesabu majuma yale matatu usiku na mchana. Wapo watakaosema kwamba huo ni uongo mwema, na kwamba mtoto ana ruhusa ya kumkinga mzazi. Mimi naona kwamba kwa tendo hilo naye aliingia katika mnyororo, akawa mkono wa saba, na kama ile mingine alifikisha kitu akabakiza habari. Bibi ni mtu asiyetupa dawa. Chupa mbili zilizosalia, ambazo lakiri zake hazikuvunjwa, alimpelekea jirani yake mwenye maradhi kama yake.